Daudi aliwauliza wenyewe

Tumsifu Yesu Kristo, wapendwa. Neno la juma hili ni 2 Samweli 21:1–14, sura ambayo mimi mwenyewe nimeikwepa miaka mingi.

Njaa imeingia nchini miaka 3 mfululizo. Daudi anamwuliza Bwana, naye anajibiwa kwamba ni kwa sababu Sauli aliwaua Wagibeoni, watu ambao Israeli walikuwa wamewaapia kuwaacha hai. Sauli amekwisha kufa. Deni halikufa naye.

Nimeisoma nikiwawaza Waherero wa Namibia. Mwaka 1904 waliinuka dhidi ya Wajerumani waliokuwa wakiwanyang'anya ardhi na ng'ombe. Baada ya vita vya Ohamakari wakakimbilia jangwa la Omaheke, na askari wakavilinda visima ili wasinywe. Tarehe 2 Oktoba Jenerali Lothar von Trotha akatoa amri kwamba kila Mherero atakayeonekana apigwe risasi. Mtu huyo kabla ya hapo alikuwa kamanda wa majeshi ya Wajerumani huku kwetu, Afrika Mashariki. Waherero walikadiriwa kuwa 80,000. Hesabu ya 1911 iliwakuta kama 15,000 tu. Wanama nao, kabila jingine la huko walioingia vitani baadaye, walikufa kwa maelfu.

Kanisa nalo limo, na hapa ndipo panaponiuma. Wamisionari waliwaita walionusurika watoke porini. Watu wakatoka, wamebaki mifupa na ngozi, kwa kuwa waliwaamini wale waliowaita. Kutoka hapo wakapelekwa kambini, kwenye kazi za shokoa. Wanawake wafungwa walipewa vipande vya chupa wakwangue nyama kwenye mafuvu ya wafu wao, yasafirishwe Ujerumani kwa wataalamu. Fikiri mama ameshika kichwa ambacho huenda anakijua.

Turudi kwa Daudi. Aliwaita Wagibeoni wenyewe akawauliza: niwafanyie nini? Wakamwambia si jambo la fedha wala dhahabu. (Walichodai baada ya hapo, roho za watu saba wa uzao wa Sauli, kinanitisha, wala sitakitetea. Daudi akawatoa, wakatundikwa.) Mwaka 2021 Ujerumani ilikubaliana na serikali ya Namibia kutoa euro bilioni 1.1 kwa miaka 30. Viongozi wengi wa Waherero na Wanama walikataa, wakisema hawakukaa mezani wao wenyewe. Kwa sura hii, mimi naona wana haki. Na mashamba mengi makubwa bado hayajarudi kwa wajukuu wa wenyewe.

Mwaka 2004, pale pale Ohamakari, waziri wa Ujerumani, Heidemarie Wieczorek-Zeul, aliomba msamaha kwa maneno ya Sala ya Bwana: utusamehe makosa yetu. Namshukuru Mungu kwa kinywa kile. Ila aliyekosewa ndiye mwenye kusema amesamehe, na kwa wakati wake.

Kisha yuko Rispa, suria wa Sauli. Wanawe wawili wameuawa kati ya wale saba, anatandika gunia mwambani, anafukuza ndege mchana na wanyama usiku, mpaka mvua inanyesha. Hana neno hata moja katika sura nzima. Daudi aliposikia ndipo alipokwenda kuikusanya mifupa ya Sauli na Yonathani, na mifupa ya wale waliotundikwa ikakusanywa pia. Baada ya maziko, Maandiko yanasema, Mungu aliombeka kwa ajili ya nchi.

Mafuvu 20 yalirudi Windhoek mwaka 2011. Hayakwenda kaburini, yaliwekwa katika ghala ya makumbusho. Juma hili tuwaombee wanaoyasubiri.