Moyo umetanuka? Ngoja kwanza upime presha vizuri

Ukitaka ushauri wa bure hapa Moshi, sema tu picha ya kifua imeonyesha moyo wako ni mkubwa. Shemeji alileta vitunguu saumu. Jirani yangu, ambaye hata mvua haimkimbizi, akatangaza kwamba mbio za Kilimanjaro Marathon ndizo zilizoniua, nikae kitako. Huyo ndiye aliyenikera kuliko wote. Mwaka 1899 daktari Mswidi, Henschen, aligonga kwa vidole vifua vya watelezaji wa skii, wale wa kwenye theluji, akakuta mioyo yao ni mikubwa, tena ndiyo inayofanya kazi zaidi!

Eko, kile kipimo cha kuutazama moyo kwa mawimbi ya sauti, ikaonyesha ukuta wa chumba cha kushoto cha moyo milimita 11 na upana wa chumba chenyewe milimita 59. Kwa mwanamume ukuta kwa kawaida ni 6 hadi 10, chumba kisizidi 58. Daktari alisema mkimbiaji wa masafa marefu hupokea damu nyingi moyoni, chumba kinapanuka na ukuta unaongezeka kidogo. Presha ni mambo mengine: moyo unasukuma kwa nguvu usiku na mchana, ukuta unanenepa, chumba hakipanuki. Tatizo, kliniki presha yangu ilisoma 148/92. Sasa mwenye kosa nani, mbio au presha?

Nikanunua mashine ya kupimia presha, elfu themanini na ushee. Kila nikipima, mia hamsini na kitu. Mama watoto akipima, 118. Nikapima mkono wa kulia, wa kushoto, nikiwa nimelala, nikiwa na hasira (hapo ikapanda kweli). Nikaibeba hadi kliniki nikamwonyeshe daktari kwamba ni mbovu. Akautazama mkono wangu, mnene kwa sababu ya kunyanyua vyuma, akacheka: "Baba, mkanda huu ni wa mtu mwembamba." Mkanda mdogo hupandisha namba! Nikatafuta mkubwa, ikashuka 120 na kitu. Na kabla ya kupima: choo kwanza, kahawa hapana kwa nusu saa, dakika tano umekaa umeegemea, miguu chini, mkono usawa wa moyo, kimya. Kwa mke wangu hilo la kimya ndilo lililokuwa muujiza. Wastani wa nyumbani ukifika 135/85 au zaidi, hiyo ni presha ya juu.

Halafu mtihani wenyewe: kuacha mbio kwa miezi kadhaa, eko irudiwe. Moyo uliokuzwa na mazoezi husinyaa ukipumzishwa. Nilikuwa sikaliki, mke akaficha viatu kwenye pipa la unga. Eko ya pili: chumba 56, ukuta 10.

Sasa nakimbia tena. Vyuma vizito ndivyo nilivyopunguza, maana ukibana pumzi ukinyanyua, presha inaweza kupita 300 kwa sekunde chache. Ukizimia au kubanwa kifua ukikimbia, hilo si la mashine ya nyumbani, nenda hospitali siku hiyohiyo.