Mpwa wangu ameniita tapeli

Jumamosi jioni, barazani kwangu hapa Tanga, mpwa wangu wa kidato cha sita aliweka kalamu chini akasema, "Mjomba, hapo umenichezea kiinimacho."

Tulikuwa tunatafuta intigrali ya sek x, yaani jumla ya vipande vyake vidogo vidogo (sek ni moja gawanya kwa kosaini). Nilikuwa nimeizidisha kwa sehemu ambayo juu ni sek x + tan x na chini ni hivyo hivyo. Yaani nimezidisha kwa 1, sijaharibu kitu. Ukifungua mabano, juu panakuwa sek²x + sek x tan x, na hiyo ndiyo derivativi, yaani kasi ya kubadilika, ya kile kilichoko chini. Sehemu ikikaa hivyo, jibu ni logi asilia ya cha chini: ln|sek x + tan x| + C, hiyo C ikiwa namba yoyote isiyobadilika. Mistari mitatu, tumemaliza.

"Sawa, lakini nani alikwambia uzidishe kwa hicho?"

Mimi nilipokuwa nasoma PCM (fizikia, kemia na hisabati) sikuthubutu kuuliza hivyo. Tulikariri, tukaingia kwenye mtihani, tukatema.

Mpaka hapo tulikuwa tumekwenda vizuri. eˣ haisumbui mtu, ukiitafutia intigrali inarudi na sura ile ile. ln x nayo ilipita, ingawa pale pia unazidisha kwa 1 ndipo uivunje vipande viwili, upate x ln x − x. Kilichotuchelewesha ni sin x. Alitafuta eneo chini ya sin x kutoka 0 hadi π, kikokotoo kikamtolea 0.0015. Nikamwambia achore. Akachora kilima: upana zaidi ya 3, kimo 1. "Sasa eneo la 0.0015 litaenea wapi hapo?" Akacheka, akakitoa kikokotoo kwenye digrii akakiweka kwenye radiani, kipimo cha pembe ambacho π ni nusu duara. Ikaja 2.

Turudi kwenye utapeli wangu. Nilimwambia ukweli: aliyezidisha kwa sek x + tan x alikuwa anajua jibu tayari. Na jibu lenyewe lilitoka baharini.

Mwaka 1569 Gerardus Mercator alichora ramani ambayo nahodha akishika uelekeo mmoja wa dira, njia yake inakuwa mstari ulionyooka. Tatizo ni kwamba kwenye dunia mistari ya longitudo inakaribiana kadiri unavyoelekea ncha, lakini kwenye ramani ile inakwenda sambamba. Kwa hiyo kila mahali pamevutwa mashariki na magharibi mara sek ya latitudo yake. Ili pembe zisipotoke, lazima uvute kaskazini na kusini kwa kiasi kile kile. Ukitaka kujua latitudo fulani ichorwe umbali gani kutoka ikweta, jumlisha hizo sek zote, kidogo kidogo. Hiyo si ndiyo intigrali?

Mwingereza Edward Wright alizijumlisha kwa mkono, dakika moja ya digrii baada ya nyingine, akachapisha jedwali lake 1599. Newton, mmoja wa waanzilishi wa hesabu hizi za intigrali, hajazaliwa bado! Miaka ya 1640 Henry Bond akaliweka jedwali hilo pembeni ya jedwali la logi za tanjenti, akaona namba zinafuatana. Hakuwa na uthibitisho wowote, aliona tu. Uthibitisho ulikuja 1668 kwa James Gregory, tena mgumu kweli, kisha 1670 Isaac Barrow akatoa unaoeleweka.

Mpwa wangu akataka kuiona kwa namba. Tukachukua ramani ya kufikirika ambayo radiani moja ni mita moja. Latitudo ya nyuzi (digrii) 60 ingekaa sentimita 104.7 kutoka ikweta kama tusingevuta, lakini ln(sek 60° + tan 60°), yaani ln(2 + √3), inatupa mita 1.317, sawa na sentimita 131.7. Sentimita 27 zimeongezeka! Hapa Tanga, nyuzi 5 hivi kusini, nyongeza ni kama milimita 0.11, unene wa karatasi ya daftari lake. Akaipinda kona ya ukurasa kuipima kwa vidole. Ukiuliza mimi, wanafunzi wangeanza na ramani hiyo kabla ya kuonyeshwa ile mistari mitatu.

Nikampa njia ya Barrow, kwa alama za siku hizi. sek x ni 1/kos x. Zidisha juu na chini kwa kos x, chini panakuwa 1 − sin²x. Weka u = sin x. Unabaki na 1/(1 − u²), ambayo inagawanyika: nusu ya 1/(1 − u) na nusu ya 1/(1 + u). Kila kipande ni logi. Hapo hakuna anayeotea chochote.

"Hii sawa," akasema. Akainama akaifanya mwenyewe, ukurasa mzima kwa mwandiko wake mdogo, mpaka adhana ya magharibi ikamkuta kwenye mstari wa mwisho. Akanisogezea daftari kwa madaha.

Hakuweka + C.