Kiti cha pili: jinsi tulivyowarudisha vijana katika klabu yetu ya taarab

Nimepiga fidla katika klabu ya taarab hapa Mji Mkongwe, Unguja, kwa zaidi ya miaka 20, na kwa miaka 6 iliyopita nimekabidhiwa pia dhamana ya vijana wanaojifunza kwetu. Nimeona niandike namna tulivyoifanya kazi hiyo, pamoja na tulipokosea mwanzoni, kwa sababu wenzangu wa Pemba, Tanga na Mombasa wananiuliza mara kwa mara, na klabu zao zina hali ile ile tuliyokuwa nayo sisi: wazee hodari, na viti vinavyozidi kubaki vitupu.

Asiyekaa ndani ya taarab asilia huenda asitambue kwa nini ni vigumu kuifundisha pembeni. Safu kamili ina fidla kadhaa, ganuni (ala ya nyuzi nyingi inayolazwa mapajani), udi, nai (filimbi ya tete), akodiani, chelo (fidla kubwa inayopigwa kwa kukaa), besi kubwa la kusimama, dumbak (ngoma ndogo) na rika (tari yenye njuga), na nyuma yao waitikiaji. Wapigaji karibu wote hushika njia moja ya wimbo, kila mmoja akaipamba kwa desturi ya ala yake, hivyo anayejifunza fidla hana budi kumsikia mwenye ganuni na mwenye akodiani kwa wakati mmoja na yeye mwenyewe. Ukimfungia chumbani peke yake atajua noti, lakini hatajua amwachie nani nafasi.

Muziki wenyewe ulifika na ukakaa hapa kwa njia hiyo ya mtu kumpokeza mtu. Tunasimuliwa kwamba Sultan Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, alimpeleka Mohamed bin Ibrahim Misri akajifunze ganuni, na aliporudi aliwafundisha wengine. Klabu ya Ikhwani Safaa ilianzishwa mwaka 1905 na Culture Musical Club mwaka 1958, na kwa miaka mingi hapakuwa na skuli ya muziki mjini. Klabu ndiyo iliyokuwa skuli. Mimi mwenyewe sikupata hata siku moja somo lililoitwa somo. Nilianza kwa kubeba masanduku ya ala, nikapewa rika, na baada ya karibu miaka miwili mzee mmoja akaniwekea fidla mkononi.

Nilipokabidhiwa vijana niliyasahau haya, na hilo ndilo kosa letu la kwanza. Nilidhani mambo ya kisasa yanataka darasa, basi tukatenga chumba cha nyuma, tukanunua ubao, tukaandikisha watoto 11. Walikuwa wakifundishwa Jumamosi na Jumapili alasiri, na wazee walikuwa wakifanya mazoezi yao usiku. Watoto hawakuwahi kuwasikia wazee, na wazee hawakuyajua hata majina ya watoto. Baada ya miezi 5 walibaki 4. Nilipokwenda nyumbani kwa mmoja wa walioacha, alinijibu kwa adabu kwamba alikuwa akipiga mazoezi ya vidole tu na hajui yanaelekea wapi. Sikuwa na la kumjibu.

Nikaipelekea kamati pendekezo jepesi. Kila mpigaji mkubwa awe na kiti cha pili kando yake, na kiti hicho kiwe cha kijana mmoja anayejulikana kwa jina, awe na ala au asiwe nayo. Miezi 3 ya mwanzo kijana hupiga makofi ya mdundo kwa mkono juu ya goti na kujifunza maneno ya kiitikio. Halafu hupewa rika au dumbak, hata kama anataka nyuzi, kwa kuwa asiyeshika mdundo huiharibia safu nzima. Ala ya nyuzi huja baadaye, na kwanza huruhusiwa kupiga bashrafu tu, yaani ule muziki wa kufungulia usio na uimbaji, ambao unarudia vipande vyake na unampa mwanafunzi nafasi ya kuingia tena akipotea.

Usiku mmoja ulinithibitishia kwamba tumeshika njia. Binti wa miaka 13, ambaye nyumbani kwao alikuwa akichezea kinanda cha umeme, alikuwa kwenye kiti cha pili cha fidla, nasi tulikuwa katika maqam ya rasti, yaani mmoja wa mipangilio ya sauti tunayoifuata. Sauti ya tatu ya rasti haimo katika kinanda cha kawaida. Iko katikati ya vitufe viwili. Kila tulipofika hapo kidole chake kilipanda juu, kwa kuwa ndivyo kinanda kilivyomzoesha. Mzee aliyekuwa kando yake aliweka upinde wake magotini na kusema, “Mwanangu, hapo umepita nyumba ya watu. Rudi nyuma kidogo.” Akakishika kidole chake na kukivuta kwa kiasi cha unene wa punje ya mchele, kisha akamwomba mpiga ganuni ashikilie sauti ile. Binti akawa anapeleka upinde polepole, akisogeza kidole kwa kadiri isiyoonekana, mpaka sauti mbili zikawa moja na mtetemo uliokuwa ukigongana ukatulia. Akauliza, “Hapo, maalim?” Mzee akamjibu, “Hapo. Usitoke.” Nilikuwa nimejaribu kulieleza jambo hilo ubaoni kwa wiki 3.

Wakati ulikuwa taabu kubwa kuliko muziki. Watoto wetu wako skuli asubuhi na chuoni alasiri wakisoma Kurani, na mazoezi ya wazee huanza baada ya sala ya isha. Bibi mmoja aliniambia wazi, “Mjukuu wangu simzuii kupiga. Nataka kujua anarudi na nani.” Tangu hapo tukaweka utaratibu tusiouvunja: vijana huja siku 2 tu kwa wiki, huondoka saa tatu na nusu hata kama wimbo uko katikati, na kila mtoto husindikizwa na mwanachama anayekaa mtaa wake. Wakati wa mitihani hawaji kabisa, na kiti chao hakipewi mtu mwingine. Mwezi wa Ramadhani klabu haifanyi mazoezi, na kwa kuwa maonyesho ya Idi hufuata mara moja, nyimbo zote za vijana lazima ziwe tayari mwezi wa Shaaban. Nililigundua hili kwa kuchelewa mwaka wa kwanza, na vijana hawakupanda jukwaani.

Kuhusu ala, anayetaka kufanya kazi hii pwani ajue kwamba adui yake ni hewa ya bahari. Nyuzi za chuma hushika kutu haraka, gundi huachia, na wakati wa masika vigingi hujaa maji vikakataa kuzunguka. Ganuni ina nyuzi zaidi ya 70, tatu tatu kwa kila sauti, na daraja lake limekaa juu ya ngozi nyembamba ambayo hulegea kwa unyevu, kwa hiyo mpigaji huweza kumaliza nusu saa akitengeneza sauti kabla hajapiga chochote. Tulianza na fidla 3 za saizi kubwa ambazo mtoto wa miaka 10 hawezi kuufikisha mkono mwisho wake. Mabega yao yakawa yanauma na mimi nikadhani ni uvivu. Siku hizi tunapima kwanza mkono, na anayestahili fidla ya robo tatu hapewi nyingine. Mwezi wa Ramadhani tunautumia kwa matengenezo: vijana wenyewe hubadilisha nyuzi, hupangusa unga wa ulimbo juu ya mbao na kufunika ala kwa kitambaa kikavu ndani ya sanduku.

Fedha tulizipata palipokuwa karibu zaidi. Katika taarab watu husimama kumtunza mwimbaji, na fedha hizo zina mgao wake wa miaka mingi ambao si rahisi kuugusa. Nilichoomba ni wimbo mmoja tu. Kamati ilibishana mikutano 2, kisha ikakubali kwamba tunzo za wimbo wa kwanza katika kila onyesho la harusi ziingie katika mfuko wa nyuzi na ala za vijana, na mtangazaji aseme hivyo kabla wimbo haujaanza. Akina mama walilipokea kwa moyo mweupe, na wengi wao ni mama na shangazi wa watoto hao. Mfuko huo haujawahi kutosha kununua chelo, lakini tangu uanze hakuna kijana aliyekaa bila uzi.

Jambo ambalo sikulitarajia lilihusu maandishi. Wazee wetu wana mamia ya nyimbo vichwani na wachache kati yao husoma noti. Chuo cha Muziki cha Nchi za Jahazi, kilichoanzishwa mwaka 2002 katika jengo la forodha ya zamani, kimefundisha vijana wengi kusoma na kuandika muziki, na wawili wa kwetu walisoma huko huku wakiendelea kukaa kwenye viti vyao vya pili. Walianza kuandika bashrafu za wazee. Palipokuwa na ile sauti ya tatu ya rasti waliweka alama ya kushushia iliyokatwa kwa mstari mdogo, wakamsomea mzee kwa kupiga, naye akasahihisha. Sasa tuna daftari 4 zilizojaa, na wazee ambao mwanzoni waliziona karatasi kama dharau kwa kumbukumbu zao huulizana, “Hii imeshaandikwa?” Mimi bado nasisitiza sikio litangulie. Kijana huandika wimbo baada ya kuujua, na daftari halifunguliwi wakati wa mazoezi.

Leo tuna vijana 9. Watano hupanda jukwaani pamoja na wazee, na mmoja wao huwafundisha wadogo dumbak kabla ya magharibi kila Jumamosi. Kiti kilicho kando ya mpiga chelo ndicho kilichokaa kitupu muda mrefu kuliko vyote, kwa kuwa ala hiyo haiingii katika daladala na mtoto hawezi kurudi nayo nyumbani. Tumekubaliana ibaki klabuni, na ufunguo wa chumba ukae kwa mwanachama anayeishi ghorofa ya juu, ili anayejifunza aweze kuingia baada ya chuo. Kijana wa miaka 14 ameomba kukijaribu kiti hicho, na mzee wa chelo amekwisha kumkatia kibao cha kuwekea miguu.