Koja la asumini la kitambaa: kumbukumbu ya mradi wangu

Mwezi wa tano

Mtoto wa mama mdogo anaolewa Tanga mwezi wa nane, na kazi ya maua imeniangukia mimi. Hakuna aliyenilazimisha. Nimezoea kushona viua vya vibanio vya nywele vya watoto, na ukoo mzima unajua nikiwa kimya niko na mkasi. Ila safari hii maombi ni makubwa: koja la asumini (maua yaliyotungwa kwenye uzi) la shingoni, langilangi za kuchomeka kwenye nywele, shada la waridi la mkononi, na viua vya kifuani kwa wanaume wa kamati. Vyote vya kitambaa.

Asumini mbichi kule Tanga si shida kupata. Shida ni saa zake. Huchumwa jioni zikiwa bado matumba, hufumbuka usiku, na kukipambazuka zimeshaanza kugeuka hudhurungi. Harusi yenyewe ina usiku wa hina, ina nikahi, ina kupambwa, na bibi harusi anataka koja lilelile kwenye picha zote. Kikuba, kile kifungu cha maua na majani ya kunukia, nimekataa kukigusa. Kikuba ni harufu kwanza, sura baadaye, na cha kitambaa kingekuwa kifurushi tu. Hicho kitanunuliwa kibichi, na rehani yake.

Utaratibu wangu ni kuanza na ua ndipo nitafute kitambaa. Ukianza na kitambaa, tuseme una utepe wa satini umejaa kabatini, kila ua litakuwa waridi la satini, liwe asumini au liwe langilangi. Kwa hiyo nilinunua fungu la asumini, nikazifumua juu ya meza petali kwa petali, nikazichora kwenye kadibodi ya boksi la dawa ya meno. Ukilitazama kwa makini, tumba la asumini ni kazi mbili: kichwa kilichojikunja kama skrubu, na chini yake kimrija chembamba. Watu wengi husahau kimrija, ndiyo maana asumini za kitambaa za madukani zinafanana na punje za popkoni.

Kitambaa cheupe

Hapa palizuka mjadala. Mimi nilishaichagua bafta: nyepesi, ni pamba, na bei yake haiumi. Nikampigia shangazi simu kumweleza. Akanyamaza kidogo, akasema, "Mwanangu, hiyo tunazikia watu. Utamvisha bibi harusi sanda shingoni?" Sikuwa na la kujibu. Tumekubaliana melimeli, nayo ni pamba. Kwa kweli melimeli ni bora hata bila hoja ya shangazi, maana uzi wake ni mwembamba zaidi na mwanga unapenya, na petali ya asumini nayo mwanga unapenya.

Kariakoo, ukiuliza pamba, kila muuzaji ana pamba. Mimi natembea na kiberiti. Naomba kipande kidogo cha pembeni, natoka nje nakichoma. Pamba inawaka kwa moto wa kawaida, inanuka karatasi iliyoungua, na kinachobaki ni majivu laini yanayopeperuka. Poliesta inajikunja ikikimbia moto, inayeyuka, na ikipoa inaacha kipunje kigumu cheusi ambacho huwezi kukisaga kwa kidole. Hariri halisi inanuka nywele zilizoungua, lakini hiyo kwa bajeti yangu naisikia tu. Kitambaa cha mchanganyiko kinakupa vyote viwili, majivu na vipunje. Melimeli ya duka la pili ndiyo iliyotoa majivu matupu.

Kipimo hiki si cha kumkamata muuzaji. Kazi yote iliyobaki inategemea jibu lake, kwa sababu poliesta hutengenezwa kwa moto na pamba hutengenezwa kwa wanga. Poliesta ukiipitisha karibu na mshumaa, ukingo unayeyuka kidogo, unajifunga usichanike nyuzi, na petali inajikunja yenyewe. Pamba ukiipeleka kwenye mshumaa umeichoma tu. Hiyo inataka uji.

Uji na vijiti

Wanga natengeneza mwenyewe: kijiko kimoja cha chakula cha unga wa muhogo kwa kikombe kimoja cha maji. Unakoroga kwa maji ya baridi kwanza, ndipo unabandika jikoni huku unaendelea kukoroga mpaka uji uache weupe uwe kama kioo, kisha unachuja kwa kitambaa. Ngano nayo inafaa, ila inaacha utando mweupe juu ya kitambaa. Melimeli nailowesha humo, naikamua, naitandaza juu ya nailoni ikauke. Ikikauka inakuwa na mlio wa karatasi, na hapo ndipo mkasi unakata bila nyuzi kutoka.

Nakata mshazari, yaani nyuzi zikilala kwa pembe na siyo sambamba na ukingo wa petali. Kitambaa kilichokatwa mshazari hakichaniki ovyo ukingoni na kinakubali kuvutwa kipate mviringo. Kukata hivyo kunakula kitambaa zaidi, ndiyo, lakini nimeshamaliza kubishana na nafsi yangu juu ya hilo.

Tumba moja linatengenezwa hivi. Kipande cha mraba cha sentimita 3 nakikunja pembetatu, nakisokota kuzunguka ncha ya kijiti cha meno kilicholoweshwa uji, nikielekea upande mmoja tu, kulia, kama asumini yenyewe niliyoifumua. Chini yake nasokota utepe mwembamba wa melimeli iliyotiwa rangi kidogo ya kijani ya chakula. Nafunga uzi mara mbili pale kichwa kinapokutana na kimrija. Kikikauka nachomoa kijiti, tundu linabaki, na uzi wa kutungia unapita humo. Bila tundu hilo ningelazimika kutoboa kila tumba kwa sindano, na wanga uliokauka ukitobolewa unapasuka.

Si yote matumba. Nikitazama koja halisi la jioni naona yaliyoanza kufumbuka hapa na pale, kwa hiyo kila baada ya matumba kadhaa naweka ua lililofunguka. Petali zake nazitia mviringo kwa kijiko cha chai: napasha mgongo wa kijiko juu ya jiko, naibonyeza petali yenye unyevunyevu juu ya taulo lililokunjwa. Usitumie kipande cha godoro, kijiko cha moto kinakitoboa.

Mwezi wa sita, waridi

Shada nimelifanya la satini na oganza (kitambaa chepesi kinachoonyesha ndani), zote za poliesta, na hapa mshumaa ndio mwalimu. Nakata duara za sentimita 8, 7, 6 na 5, kila moja naikata mipasuo minne kuelekea katikati bila kufika, halafu ukingo wote unapita kwenye moto. Siri yake ni kukaa pembeni ya mwali, chini, karibu na ile sehemu ya buluu. Ukipitisha juu ya ncha, masizi yanaganda kwenye satini nyeupe na hayatoki. Oganza inataka haraka zaidi kuliko satini. Ukihesabu hadi mbili umechelewa. Dirisha wazi, bakuli la maji mezani, watoto nje.

Sipendi waridi zilizokunjamana sawa pande zote. Waridi la bustanini lina petali moja iliyoliwa na mdudu, nyingine imelegea. Ndiyo maana duara za nje nazichoma kwa kutofautiana, moja sana, moja kidogo. Wifi yangu alipoona akauliza kama hizi mbili zimeharibika. Nikamwambia ndizo nzuri kuliko zote, hajaniamini mpaka leo.

Vikonyo vimenipa kazi ya kuzunguka. Waya wa kufungia nondo ni rahisi na upo kila mtaa, lakini unashika kutu, na hewa ya Tanga ina chumvi. Ndani ya wiki chache kitambaa cheupe kingekuwa na madoa ya kahawia. Nilichopata ni waya mwembamba wa shaba kwa fundi wa kusuka mota. Ule uliotolewa kwenye mota iliyoungua anauuza kwa kilo, na mabaki mafupi alinipa bure baada ya kuniuliza mara mbili kama kweli ni kwa ajili ya maua. Shaba ni laini, inapinda bila kukatika, na haishiki kutu. Navalisha utepe wa kijani uliokatwa mshazari na gundi nyeupe ya maseremala.

Viua vya kifuani

Hivi vimekwenda haraka. Sare ya ndugu ni kitenge, na fundi cherehani ameniwekea mabaki yote kwenye mfuko wa salfeti. Kitenge chetu kina faida mbili kwa kazi hii: kimechapwa pande zote mbili, hivyo petali ikikunjwa haionyeshi mgongo mweupe, na kikiwa kipya kina ugumu wake wa kiwandani. Usikifue kwanza. Ukikifua ugumu unakwenda na maji, utarudi kwenye uji wa muhogo. Vipande vya mraba, kunja, kunja tena, tunga vitano kwenye uzi, vuta, kifungo katikati, pini nyuma. Kazi ya kufanya huku unasikiliza redio.

Mwezi wa saba, langilangi

Hili ndilo ua lililonikalisha. Langilangi ina petali sita nyembamba, ndefu, zilizolegea zikining'inia kama zimechoka, na ua linaanza kijani likiiva linakuwa njano. Wanga mwingi unaziua, zinasimama kama feni. Wanga kidogo, zinakuwa nyuzi. Nilipofika ni kupaka uji kwenye theluthi ya juu tu, karibu na kikonyo, na kuacha ncha laini, kisha kuzisokota zikiwa mbichi na kuzifungua zikikaribia kukauka. Mawimbi yanabaki bila ugumu.

Rangi ni manjano ya jikoni, imechemshwa na chai kidogo ili isiwe kali. Melimeli inaipokea papo hapo. Manjano ina tabia mbili za kuangaliwa. Inapauka juani, lakini langilangi zinavaliwa usiku kwenye ukumbi. Na ikiguswa na sabuni inageuka nyekundu, kwa hiyo anayemsuka bibi harusi nimeshampa agizo: mikono iwe imesuuzwa vizuri na kukauka kabla ya kugusa maua. Kwa upande wa kijani, tone la rangi ya chakula karibu na kikonyo, wakati kitambaa bado kibichi, na maji yenyewe yanaibeba ikififia kuelekea ncha.

Ilipofikia sasa

Koja limeshatungwa nusu. Waridi zimekwisha, shada halijafungwa. Langilangi zinatosha upande mmoja wa kichwa, na mama mdogo anataka pande zote mbili, bila shaka.

Kilichobishaniwa ni harufu. Mama mdogo alitaka tunyunyize mafuta ya asumini. Nimejaribu kwenye tumba la majaribio: mafuta yameacha doa la njano lenye mzingo, na wanga pale umelegea. Shangazi ndiye aliyemaliza ugomvi, akasema maua yafukizwe udi kama nguo zinavyofukizwa, juu ya tenga, chetezo cha makaa chini yake. Nimefukiza matumba machache, makaa machache na umbali wa kutosha yasipate joto la kuyakunja, na harufu imeshika bila doa. Satini na oganza sitazipeleka karibu na makaa kabisa. Shada litapata harufu kwa kuwekwa boksi moja na koja lililofukizwa.

Boksi lenyewe ni katoni ya biskuti. Nimetoboa pande zake nikapitisha nyuzi kama kamba za kuanikia, na kila ua linaning'inia kwenye uzi wake bila kugusana na jirani. Kutoka Dar hadi Tanga kwa basi njia ina matuta ya kutosha. Katoni itasafiri mapajani kwangu, maana nimeona jinsi buti zinavyopakiwa. Wiki ijayo narudi Kariakoo kutafuta melimeli ya langilangi za upande wa pili, na kiberiti mfukoni.