Virginia ilivyogeuza kibarua kuwa mtumwa

Wengi wanadhani utumwa Marekani ulianza siku moja tu, meli yenye Waafrika ikatia nanga Point Comfort, pwani ya Virginia, 1619 basi mambo yakaisha. Hapana bana. Mwanzoni mashamba ya tumbaku ya Virginia, koloni la Uingereza kule Marekani, yalijaa Waingereza maskini, mtu analipiwa nauli ya meli halafu anaitumikia miaka kama 4 hadi 7, na wengi walikufa hata mkataba haujaisha.

Sasa cheki kesi ya 1640. Watumishi watatu wa mwenye shamba mmoja, Hugh Gwyn, wanatorokea koloni jirani la Maryland, wanakamatwa, kila mmoja viboko 30. Mholanzi na Mskoti wanaongezewa miaka minne, ila wa tatu, John Punch, mweusi, anaambiwa atatumika mpaka kufa. Kosa lile lile jamani!

Baada ya hapo ni sheria juu ya sheria. 1662 mtoto anafuata hali ya mama, yaani hata kama baba ndo bosi mwenyewe mtoto anazaliwa mtumwa, hii ndo naona chafu kuliko zote. 1667 wakafunga na mlango wa ubatizo, yaani mtumwa akibatizwa bado ni mtumwa. 1676 tajiri mmoja, Nathaniel Bacon, akamwasi gavana wa Virginia (sio shujaa, alitaka sana kuwapiga wenyeji wa ile ardhi), lakini wazungu maskini na weusi wakapigana upande mmoja, Jamestown, mji mkuu wa koloni, ikachomwa, matajiri wakashtuka. Na vibarua kutoka Uingereza nao wakaanza kuadimika, basi matajiri wakageukia watumwa weusi. Ikaja sheria ya 1705: mtumishi mzungu akimaliza muda anapewa mahindi, hela na bunduki, mtumwa akifia kwenye viboko bwana wake hana kesi.