Tao la Kirumi kwa Matofali ya Tabora

Baadhi ya makanisa ya zamani ya misheni mkoani Tabora yana vichwa vya milango vya mviringo. Nyumba mpya za matofali ya kuchoma, hata zile zinazojengwa mita chache kutoka kwenye tanuri, huwekewa linta, yaani boriti ya zege na nondo, juu ya kila dirisha. Kwa dirisha la mita moja, nondo hizo si za lazima: tao, yaani kichwa cha mviringo cha matofali, linatosha.

Tofali likibanwa huvumilia sana, likivutwa hukatika. Tao hugeuza mzigo wa ukuta uwe mbano mtupu. Warumi hawakulibuni, watu wa Mesopotamia walikuwa nalo kabla yao. Walichofanya Warumi ni kulifanya kazi ya kila siku. Colosseum, uwanja wa maonyesho wa Roma uliofunguliwa mwaka 80 baada ya Kristo, ina matao 80 katika kila moja ya ghorofa zake tatu za chini, na daraja la Alcántara huko Hispania, la enzi za mfalme Trajan, bado limesimama juu ya matao yake.

Tuchukue tao la nusu duara lenye upana wa sm 100. Mzingo wake wa ndani ni sm 157. Tofali lenye unene wa sm 7 pamoja na kiungo cha mchanganyiko cha sm 1 ni sm 8, na 157 gawa kwa 8 ni karibu 20. Chagua 19, kwa sababu idadi ikiwa witiri, tofali moja hukaa katikati kabisa kileleni. Kila kiungo kitakuwa sm 1.26 kwa ndani.

Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Tofali likisimama kwa kina cha sm 10, kiungo hicho upande wa nje kinafika karibu sm 3. Ukitaka unene wa sm 20 kwa mzunguko mmoja, kinazidi sm 4, na hapo mchanganyiko ndio unaobeba mzigo badala ya tofali. Jenga mizunguko miwili ya sm 10, ya chini matofali 19 na ya juu 23. Mapengo ya nje kati ya matofali jaza vipande vya tofali, usijaze mchanganyiko peke yake.

Kiunzi cha mbao, kinachoshikilia matofali wakati wa kujenga, kikae juu ya kabari pande zote mbili. Panga matofali kutoka kushoto na kulia kwa pamoja. Ukimaliza upande mmoja kwanza, kiunzi hulala na tao hupinda. Tumia saruji 1, chokaa 1, mchanga 6, kisha acha kiunzi wiki nzima. Kabari ndizo zinazogongwa zitoke taratibu ili tao likae lenyewe. Kung'oa kiunzi kwa nyundo hupasua viungo vikiwa bado vichanga.

Tao husukuma pembeni. Dirisha lililo karibu mno na kona ya nyumba litaisukuma kona hiyo nje, na ufa utaonekana kileleni. Acha ukuta wa angalau nusu ya upana wa tao, na zaidi ukiweza.

Upande wa chokaa, Vitruvius, msanifu majengo wa Kirumi, alipendekeza kwa mchanga wa mtoni chokaa 1 kwa mchanga 2, pamoja na theluthi ya vigae vilivyosagwa na kuchekechwa. Huko Tabora vigae hivyo ni vipande vya matofali vinavyobaki tanurini. Unga wake huungana na chokaa na kuufanya mchanganyiko ugande hata penye unyevu, jambo linalofaa sana kwenye msingi na kisima. Chagua matofali yaliyoiva wastani: yaliyoungua hadi kung'aa kama kioo hayashiki chokaa, na mabichi ni udongo tu.

Plinius Mzee, mwandishi wa Kirumi, anaeleza kwamba sheria za kale zilikataza kutumia chokaa iliyokaa chini ya miaka mitatu. Chokaa ya mfuko iloweke angalau siku moja, ufunike, na ulinde macho unapoikoroga.