Kolwezi mpaka Lubumbashi, kufuata barua ya Mama Pauline

Basi la kutoka Kolwezi sitalisimulia sana, malori ya shaba yanajua barabara ni yao, sisi wengine tunaomba njia tu. Ila nauli waliyonitajia kwa simu siyo niliyolipa, na noti yangu ya dola 20 ikakataliwa ati imechanika pembeni, mchaniko wenyewe mdogo kama kucha ya mtoto! Kambisti, mtu wa kubadilisha pesa barabarani, akaichukua kwa bei ya chini huku anacheka.

Mimi nakusanya barua za mkono za wake za wanasiasa wa zamani. Za waume zimejaa, za wake ndiyo shida, tena nyingine walizichoma wenyewe. Martha Washington wa Marekani, mume alipofariki 1799, alichoma karibu barua zote walizoandikiana. Mwaka 1800 akapewa haki ya kutuma barua bure, anaweka tu sahihi juu ya bahasha, ndiyo maana hata bahasha tupu yenye sahihi yake ni mali.

Sasa nikaambiwa Lubumbashi, komini ya Kenya (ni mtaa wa mji, siyo nchi), kuna papa mmoja, mzee, ana barua ya Mama Pauline Opango, mke wa Lumumba, aliyomwandikia mumewe akiwa gerezani. Unafikiri nililala?

Papa akanipokea vizuri, akanipa kiti, akamtuma mjukuu soda (nililipa mimi), halafu akaanza kunihadithia ukoo wake mpaka jua likageuka. Barua ikatoka ndani ya Biblia. Karatasi ya njano, mwandiko mzuri wa mtu aliyesoma kwa masista, juu imebandikwa stempu ya Katanga, ya kweli kabisa, zile za wakati Tshombe aliitenga Katanga na Kongo. Mikono yangu ikaanza kutetemeka. Nikasoma mistari ya kwanza nikaona mbona haya maneno nayajua. Ni barua ya mwisho ya Lumumba kwa mkewe, ile aliyoiandika akifungwa Thysville, ambayo kila mtu ameisoma, imegeuzwa tu, sasa mke ndiye anamwandikia mume! Halafu nikaangalia tarehe pale juu: Lubumbashi, Desemba 1960.

"Papa, 1960 huu mji uliitwa Lubumbashi?"

"Bei njo dola 300, mwanangu. Juu yako wewe, 250."

Nikamwambia jina hilo limekuja 1966. Hakushtuka hata kidogo. Akasema Mama Pauline alikuwa mtu wa kuona mbele. Jamani. Nikaomba aniuzie stempu peke yake, akakataa, ati stempu bila barua ni sawa na kichwa bila mtu.

Nikiwa pale nikamkumbuka kambo wangu mwanamke, yaani bibi yangu, Kolwezi. Kambo mwanaume, babu, alikuwa mtu wa chama enzi za Mobutu, hakuwa mkubwa, lakini barua alikuwa anaandikiwa na mke kila aliposafiri, tulikuwa tunaziona kwenye sanduku la bati chini ya kitanda. Wiki ya matanga wamama wa familia walipika kwa makaa yaliyolowa, mvua ilikuwa inanyesha, na mbabula, jiko la makaa, inataka karatasi ndiyo ishike, wakachukua zile barua. Hakuna aliyemuuliza mjane, na mjane mwenyewe aliangalia tu, akasema chai ichemke haraka wageni wana baridi. Mpaka leo sijui kama ilimuuma au alifurahi. Naona wenye kuandika historia yetu wamepoteza mengi jikoni kuliko vitani.

Hoteli siandiki, maji hakuna na bei ni ya mzungu.

Nilipoaga, mjukuu alikuwa na simu mkononi, akapiga kelele: "Kambo, ni Élisabethville! Wakati ule ilikuwa Élisabethville!" Papa akavaa miwani, akaandika hilo jina pembeni ya gazeti, polepole, akaniuliza herufi. Nikamtajia zote.

Kwa hiyo ndugu wakusanyaji, mkionyeshwa barua ya Mama Pauline ya Desemba 1960 iliyoandikwa Élisabethville, stempu inunueni kama atakubali. Élisabethville ni Lumumba aliyeletwa, Januari 17, 1961, wakamuua usiku uleule pamoja na wenzake Mpolo na Okito. Mama Pauline habari ya kifo ilimkuta Léopoldville, Kinshasa ya leo. Hilo papa hakuniuliza.